Hakuna Aliyemlenga Kanga

Miaka kumi na tisa kazi yangu ni neno moja.
Mtu anasimama, kitako cha bunduki begani,
anasema, "Vuta!" Nami navuta.
Sahani inaruka juu ya mikorosho,
nyeusi, ukingo wa rangi ya chungwa,
na hujameza mate imekuwa vumbi.
Wao huiita njiwa. Njiwa wa udongo.
Udongo wenyewe hakuna: ni lami na chokaa,
inakuja kwa maboksi kutoka ng'ambo,
ikivunjika hairudi kuwa kitu.

Uwanja wetu uko Nachingwea, upande ule
tuta la reli ya karanga lilikobaki bila reli.
Wenye karanga waliondoka na mataruma yao,
wakaacha zege, mtambo mmoja wa springi,
na mchezo.
Tukaurithi kama koti la marehemu:
mikono mirefu, lakini linavaliwa.

Mwalimu Hokororo hupiga akinong'ona hesabu.
Dokta Mnali humwomba radhi anayemkosa.
Chilumba, mnunuzi wa korosho, huhesabu alama za wenzake.
Si wauaji hawa. Waliapa zamani:
ndege wa Mungu aachwe, tuvunje wa kiwandani.

Kisha barua, mhuri wa mkoa.
Kibali kila mwaka. Sahani za lami, basi.
Marisau ya risasi, basi, yawe ya chuma.
Na ile shule mpya iko karibu mno,
watoto wanahesabu milio badala ya kuzidisha.

Nyuma ya barua akaja binti wa maabara,
Tumpale, mtu wa Tukuyu,
akachota mchanga kwenye vifuko, akaandika namba.
Akaniuliza, "Kanga mnao hapa?"
Nikacheka. Kanga! Kila alfajiri wapo,
wanadonoa changarawe za kusagia chakula.
"Umewahi kumwona aliyelegea?"

Kicheko kikanikwama.
Nilimwona, masika yale, anaburura mabawa.
Nikasema kideri. Nikampasua.
Ndani ya firigisi punje saba,
za kijivu, zimesuguliwa zikang'aa.
Hakuna aliyemlenga kanga.

Lugha yetu haikutuficha kitu:
risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu,
risasi ni madini yenyewe, yakiwa yamelala.
Neno moja, vifo viwili,
na kimoja tu ndicho chenye mlio.

Sikumwambia yote Tumpale.
Kwamba jioni nachekecha uwanja kwa chekeche la mama,
nayeyusha punje kwenye sufuria bovu, moshi usoni,
nauza chubwi za nyavu Lindi mjini;
kwamba ada ya chuo ya Somoe imo humo.
Lakini aliponipa kalamu nisaini
mkono ulicheza.
Akautazama. Akasema polepole,
"Nipe na damu yako."

Majibu bado.

Shangazi Nachuma wa Naipanga, mfinyanzi,
akasema, "Njiwa wa udongo? Si mniite mimi!"
Za kwanza zilikuwa vifuniko vya vyungu:
zilipigwa, zikalia *ngaa!*, zikaendelea na safari.
Akatia pumba za mpunga na majivu,
akaanika tu, hakuchoma.
Hizo ziliruka zinayumba kama mtu katoka kwenye uraka.
Hokororo alikosa tano, akafurahi kama mtoto:
"Sasa huyu ni ndege!"
Na mvua moja tu, vipande vikawa shamba.

Lakini chuma kina bei, na mitutu ya kikoloni haikitaki.
Chilumba kauza bunduki.
Tumebaki watano, wa tano ni mimi,
na mimi sipigi.

Jumapili iliyopita, kibali kimekufa tangu Ijumaa,
Dokta alikuja mikono mitupu.
Akasimama palepale, akaegemeza hewa begani.
"Vuta."
Nikavuta. Sahani ya shangazi ikapanda,
ikasita kule juu,
ikashuka nzima kwenye nyasi.
Kanga wakainua vichwa,
wakatutazama,
wakarudi kudonoa.